Maswali na Majibu: Mafungo ya Mlimani

Tunapeleka watu 40 mlimani kwa mafungo ya siku tatu. Tumepata wahubiri wanne na kwaya. Vipindi saba kwa siku vinatosha?

Vimezidi mno. Ndugu yangu, unawapandisha watu hadi juu ya mawingu, kisha unawafungia ukumbini? Mahubiri wanayasikia mwaka mzima huko chini. Yesu alipotaka kusali alipanda mlimani peke yake, na wanafunzi waliporudi wamechoka aliwaita waende mahali pasipo na watu wapumzike.

Weka kipindi kimoja asubuhi na kingine jioni. Katikati, waache. Waamke kabla ya jua, wakae kimya watazame mawingu yalivyotanda bondeni. Jua likishika miteremko, hewa iliyopata joto huanza kupanda, na yale mawingu huinuka nayo taratibu mpaka yakawafikia miguuni. Usiku hewa baridi hushuka tena bondeni. Kazi hiyo inafanyika kila siku bila mkono wa mtu, na aliyeitazama saa mbili bila kusemeshwa hahitaji kuelezwa kwamba Muumba yupo kazini. Nimewaona watu wakirudi kutoka mafungo wamejaza madaftari na wamechoka kuliko walivyokwenda. Tunaogopa ukimya, tunauziba kwa ratiba. Kwaya iimbe jioni. Mchana waachieni ndege.

Ni kweli maombi ya mlimani hujibiwa haraka?

Si kweli. Mungu anakusikia hata ukiwa jikoni. Mlima unakuondolea kelele tu na kukuonyesha ulivyo mdogo. Na mtu akikutoza fedha akupeleke kwenye mlima "wenye upako", mkimbie.

Nibebe nguo gani? Huku kwetu ni joto.

Swali hili linarudi kila msimu, na kila msimu kuna anayeshuka akitetemeka. Joto la kwenu halikusaidii kitu. Kila ukipanda mita 1,000 hupungua nyuzi sita hivi, kwa hiyo kambi iliyo mita 2,000 juu ya kwenu ina baridi ya nyuzi 12 zaidi, na upepo sijauhesabu. Sweta zito, koti la mvua, soksi za akiba. Kofia pia, maana hewa ya juu ni nyembamba na jua lake linachoma hata ukiwa unasikia baridi. Mpishi naye aambiwe: huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, chakula cha kuchemsha kitachelewa.

Tulipofika kama mita 3,000 dada mmoja aliumwa kichwa, akatapika. Kiongozi alisema ni vita vya kiroho, tukamwombea, tukaendelea kupanda. Tulikosea?

Kumwombea hamkukosea. Kuendelea kupanda mlikosea, tena vibaya. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili wa mtu yeyote, mcha Mungu au la, unaweza kushindwa kuzoea upungufu wa oksijeni. Kichwa huuma, chakula hakipandi, kichefuchefu kinakuja. Hapo mtu husimama, hupumzika, hunywa maji, na hapandi hata hatua moja zaidi mpaka apone. Asipopata nafuu anashushwa. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema ilhali amekaa, mteremsheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Watu hufa kwa hali hii. Wanaopanda huku wamefunga bila maji, au wameacha dawa zao za kisukari au presha "kwa imani", wanaongeza hatari juu ya hatari. Kiongozi asiyelijua hili asipewe watu.

Siku ya kwanza nililala karibu mchana kutwa. Najiona nimepoteza mafungo.

Hukupoteza. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Ndipo akaianza safari ya kwenda Horebu. Lala, mwanangu.

Naweza kuchuma maua ya kule juu kama kumbukumbu?

Usichume. Mimea ya baridi hukua polepole sana, na atakayekuja nyuma yako naye anataka kuiona.

Wazee wetu wanataka jenereta iwashe taa usiku kucha kwa usalama. Wewe wasemaje?

Nasema izimwe baada ya chakula cha jioni. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa simu moja unairudisha kazi hiyo mwanzo. Chagueni usiku usio na mwezi, mkitafute Kilimia, kikundi cha nyota kilekile ambacho Ayubu aliulizwa kama anaweza kuufunga mnyororo wake. Nuru mtakayoiona ilianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kwa njia ya chooni, fungeni tochi kwa kitambaa chekundu: mtaona mnapokanyaga, na nyota hazitapotea.