Usukani wa Umeme: Pima Betri Kwanza

Hamjambo. Ninaendesha Toyota Vitz ya 2012. Kwenye karakana moja nimeambiwa oili ya pawa (ile ya kulainisha usukani) imekauka na nilipe iongezwe. Nimefungua boneti, tangi lenyewe silioni. Liko wapi?
*Msomaji, Umoja*

Halipo. Usukani wa Vitz yako husaidiwa na mota ya umeme iliyofungwa chini ya dashibodi, upande wa dereva. Haina pampu, haina mkanda, haina oili, kwa hiyo usilipe. Tena uwe macho: kitangi kidogo utakachokiona karibu na ukuta wa injini, upande wa dereva, ni cha breki. Oili ya pawa ikimiminwa humo, raba za breki huvimba na gari linaweza kukosa breki kabisa. Hilo likishatokea, gari lisitembezwe hata hatua moja, livutwe.

Nina Honda Fit ya 2010. Nikitoka Kasarani usukani huwa mwepesi. Nikikwama kwenye foleni ya Thika Road, hasa mvua ikinyesha, taa ya EPS (ya usukani wa umeme) huwaka na usukani huwa mzito kama jiwe. Nikizima gari na kuliwasha tena, hali hurudi sawa. Fundi anataka tukatafute mashine nzima ya usukani kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi.
*Msomaji, Kasarani*

Msiende bado. Kifaa kilichokufa hakifufuki kwa kuzima na kuwasha gari. Dalili zako zinaelekea zaidi kwenye upungufu wa umeme.

Fikiria kinachotendeka kwenye foleni hiyo. Injini iko sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, inazalisha kidogo, huku waipa, taa kubwa na feni vyote vinakula. Na mwendo unapokuwa mdogo ndipo magurudumu yanapokuwa mazito kugeuza, kwa hiyo mota ya usukani nayo inadai makumi ya ampia. Volti zikishuka, kompyuta ya usukani hukata msaada na kuwasha taa.

Chukua multimita (kipima volti). Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mtu apige stata huku ukitazama: isishuke chini ya 9.6. Kisha injini ikinguruma, washa taa kubwa na feni, upate 13.5 hadi 14.5. Usipime bila kuwasha vitu hivyo, kwa sababu kwenye Fit kompyuta huipunguza alteneta mzigo ukiwa mdogo, ukasoma 12.5 ukadhani imeharibika. Wengi wamebadilishiwa alteneta nzima kwa kosa hilo. Sasa mtu ageuze usukani gari likiwa limesimama. Volti zikiporomoka chini ya 12, shida ni betri, mkanda wa alteneta, alteneta yenyewe au waya.

Waya wa athi, unaounganisha ncha hasi ya betri na chuma cha gari na injini, ndio unaosahaulika sana. Injini na taa zikiwa zimewaka, gusa ncha hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita na chuma cha injini kwa mwingine. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, kiungo kimechafuka au kimelegea. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, piga msasa chuma mpaka king'ae, kaza. Ule unga mweupe wenye ukijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji moto yenye magadi, ukaushe.

Pima pia upepo wa tairi kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Na unapoegesha, usiukaze usukani hadi mwisho ukaushikilia hapo: mota hupata joto, na mfumo hupunguza msaada hadi ipoe.

Haya yote yakiwa sawa, ndipo utafute mashine ya kusoma makosa. Hakikisha inaingia kwenye kompyuta ya usukani; zile za bei ndogo nyingi husoma injini tu.

Nilibadilisha nguzo ya usukani (mhimili unaobeba usukani) kwenye Toyota yangu. Sasa gari linajivuta kushoto, na mashine ya kusoma makosa inaonyesha kosa C1515. Nimefanya alaimenti ya magurudumu mara mbili.
*Msomaji, South B*

Alaimenti haitaondoa kosa hilo. Ndani ya nguzo kuna kifimbo chembamba kinachojisokota kidogo unapogeuza usukani, na sensa hupima msokoto huo. C1515 maana yake kompyuta haijafundishwa sifuri ya sensa hiyo, basi inaweza kusaidia upande mmoja hata kama hujageuza. Weka gari mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele, swichi imewashwa na injini imezimwa. Fundi aifundishe kompyuta sifuri kwa mashine. Mikono yote iwe mbali na usukani mpaka kazi ikamilike. Hata kidole kikiuegemea, sifuri itakuwa ya uongo.

Ikigoma kukubali, uliza kama nguzo hiyo iligongwa kwa nyundo wakati wa kufungwa au kufunguliwa, maana sensa huharibika hivyo. Linganisha pia namba iliyo kwenye kibandiko cha kompyuta ya usukani na ile ya kompyuta iliyokuwa na nguzo ya zamani.