Bendi Moja, Maisha Manne: Ushauri kwa Wanaoanza Kupiga Pamoja

Vijana wanaonifuata baada ya shoo huniuliza mambo ya nyuzi na vifaa. Wachache sana huuliza lile ambalo kwangu ndilo swali kubwa: mbona watu waliopiga bendi moja, wakalala chumba kimoja na kula sahani moja, huishia mbalimbali namna ile? Mmoja anachongewa sanamu, mwingine anafundisha shule, wa tatu hata jirani yake hajui kama aliwahi kushika gitaa. Jibu la haraka ni kipaji, au bahati. Nimepiga besi kwenye bendi za hoteli, Dar es Salaam na Unguja, kwa miaka mingi, na jibu hilo silikubali. Ninavyoona mimi, kinachowatenganisha wanabendi huwa kimeshaingia chumbani siku ya kwanza ya mazoezi: kila mmoja anataka nini katika muziki, ana pa kurudi ukimshinda, na jina lake limeandikwa wapi. Yazungumzeni hayo mapema, mkiwa bado hamna cha kugombania.

Mfano ninaoutumia ni Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Sababu moja ni ya nyumbani: mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi yenye asili ya India. Sababu ya pili ni kwamba bendi hii haimpi mtu nafasi ya kujificha nyuma ya neno kipaji. Wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja alitoa wimbo uliovuma duniani. Bohemian Rhapsody ni wa Mercury. We Will Rock You ni wa mpiga gitaa, Brian May. Radio Ga Ga ni wa mpiga drams, Roger Taylor. Na Another One Bites the Dust, ulioshika namba moja Marekani mwaka 1980, ni wa John Deacon, mpiga besi, ambaye ukimtaja kwenye baraza la wapenda muziki nusu yao watauliza ndiye nani.

Tazama walivyokuwa walipokutana London. May alikuwa mwanafunzi wa fizikia Imperial College, na gitaa alilopiga alilitengeneza yeye na baba yake kwa mbao za fremu ya meko ya zamani na springi za pikipiki. Taylor alikwenda kusomea udaktari wa meno, akahamia baiolojia. Deacon, aliyeingia mwaka 1971 baada ya wapiga besi watatu kupita, alikuwa anamaliza shahada ya elektroniki kwa daraja la kwanza. Mercury alisomea sanaa na michoro katika chuo cha Ealing. Wote walikuwa wasomi, lakini hawakuwa sawa katika jambo moja. Watatu walikuwa na Uingereza yao, na familia zilizokuwa nchini humohumo. Freddie alipelekwa shule ya bweni India akiwa na miaka minane, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, nje ya London. Mtu wa namna hiyo anapobadilisha hata jina la ukoo na kujiita Mercury, mimi naona mtu aliyeamua kwamba jukwaa ndilo litakuwa kwao.

Mwanabendi asiye na pa kurudi hupiga tofauti na mwenzake aliye napo. Nimefanya kazi na watu wa aina zote mbili na unawajua kwa masikio. Aliye na njia nyingine hupiga vizuri, akachoka, akaenda kulala. Asiyekuwa nayo hukesha na wimbo. Sisemi mmoja ni bora kuliko mwenzake. Nasema wakikaa bendi moja bila kuambiana, mmoja atamwona mwenzake mvivu, na yule ataona anaburuzwa.

Sisi tulikuwa watano. Mpiga drams wetu alituambia wazi, mapema kabisa, kwamba anasubiri chuo cha famasia na siku kikimwita ataondoka. Alipiga kwa moyo wote mpaka siku hiyo, akatusaidia kumtafuta wa kumrithi, akaenda. Leo ana duka la dawa na hana kinyongo na mtu. Mwimbaji naye alisema anataka kuimba maisha yake yote, popote. Sasa yuko Muscat kwa mkataba wa hoteli. Kwa kuwa yalisemwa mapema, hakuna aliyeitwa msaliti. Nimeona bendi nyingine, zenye wapigaji wazuri kutuzidi, zikivunjika kwa maneno machungu kwa sababu ya mtu mmoja kupata ajira ya serikali.

Kabla ya Queen, May na Taylor walikuwa na bendi iitwayo Smile, na mwimbaji na mpiga besi wake alikuwa Tim Staffell. Staffell ndiye aliyesoma na Freddie pale Ealing, na ndiye aliyemleta awafahamu wenzake. Mwaka 1970 akaona Smile haifiki popote, akajiunga na bendi nyingine, na Freddie akachukua nafasi iliyobaki. Watu husimulia habari hiyo kwa kumsikitikia Staffell. Lakini yeye alikuja kuwa fundi wa kutengeneza vielelezo vidogo kwa ajili ya televisheni, akafanya kazi kwenye vipindi vya watoto vya Thomas, lile treni dogo la buluu, na muziki akaendelea nao kwa kasi yake. Wimbo aliotunga na May siku za Smile uliingia katika albamu ya kwanza ya Queen, mwaka 1973, na jina lake likabaki pale kama mtunzi. Huyo hakupotea. Aliondoka, na karatasi ilikuwa sawa.

Hapo kwenye karatasi ndipo naomba tukae kidogo.

Katika muziki wa kurekodiwa, pesa ya mpigaji na pesa ya mtunzi ni mambo mawili. Mpigaji hulipwa kwa shoo na kwa sehemu yake ya mauzo ya rekodi. Mtunzi hulipwa mirabaha kila wimbo unapouzwa, unapopigwa redioni, unapotumika kwenye filamu au tangazo, yeye akiwa hai na hata baada ya kufa, kwa warithi wake. Kwa hiyo watu wanne wanaweza kupanda jukwaa lilelile, kwa jasho lilelile, miaka kumi, na mwisho mmoja akawa na nyumba tatu na mwingine akawa anapanga.

Queen waligombana kwa jambo hili, tena wakiwa wameshafanikiwa. Mwaka 1975 walipotoa Bohemian Rhapsody kwenye santuri ndogo, upande wa pili waliweka wimbo wa Taylor kuhusu mapenzi yake kwa gari. Kila aliyenunua santuri kwa ajili ya wimbo wa Freddie alinunua na ule wa Taylor, na mirabaha ya utunzi ya pande mbili ilikuwa sawa. Wimbo mkuu ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Unaweza kufikiri mazungumzo yalivyokuwa ndani ya chumba cha mazoezi. Ni mpaka albamu ya mwaka 1989 walipoamua kwamba nyimbo zote zitaandikwa kwa jina la Queen, nani kaleta nini wakijua wenyewe. Tangu hapo swali likawa wimbo upi ni mzuri, si wimbo wa nani.

Ushauri wangu ni wa moja kwa moja: anzeni na utaratibu huo wa mwisho. Kama mnatunga kwa kukaa pamoja chumbani, gawaneni sawasawa. Kuna watakaokuambia aliyeleta maneno na sauti ndiye mwenye wimbo, na kisheria mara nyingi wana hoja. Lakini mimi ni mpiga besi. Najua wimbo mwingi unaokumbukwa kwa mstari wa besi ambao mtunzi rasmi hakuuwaza kabisa. Yule Deacon alipoandika wimbo wake wa 1980, besi ndiyo wimbo wenyewe. Ukiiondoa hakuna kinachobaki. Angekuwa ameipiga hiyo besi juu ya maneno ya mwingine, kwa kanuni ya zamani asingepata kitu.

Sisi tulishikilia daftari. Mzee mmoja wa dansi alikuja mazoezini, tukamwamkia, akatusikiliza nyimbo tatu, kisha akauliza, "Wanangu, huu wa mwisho ni wa nani?" Kila mmoja akamtazama mwenzake. Akatutuma tukanunue daftari la hesabu. Kuanzia hapo kila wimbo ulipokamilika tuliandika tarehe, nani alileta maneno, nani sauti, nani mpangilio wa vyombo, na mgawo wa kila mtu kwa asilimia, wote tukasaini. Nyimbo zilizorekodiwa tukazisajili, maana bara kuna ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na Zanzibar kuna yake, COSOZA, na fomu haijazwi kwa kumbukumbu za kichwani. Yule mwenye duka la dawa bado hupata chake, kidogo, kwa nyimbo mbili. Nampelekea kwa simu na tunacheka. Pesa yenyewe ni ya vocha, lakini imetuacha ndugu.

Niseme la Deacon sasa, maana ndiye ninayemfikiria zaidi. Alikuwa mtu mkimya, fundi. Aliokota vipande vya saketi kwenye jalala la barabarani, akatengeneza amplifaya ndogo ambayo May aliitumia kurekodi sauti zile za gitaa zinazofanana na tarumbeta. Ndiye aliyefuatilia hesabu za bendi. Freddie alipofariki, Novemba 24, 1991, kwa nimonia iliyotokana na UKIMWI, Deacon aliumia kwa namna ambayo hakuificha. Alipanda jukwaani mara chache tu baada ya hapo, ya mwisho ikiwa Paris, Januari 1997, na mwaka huohuo akaacha muziki. Ana watoto sita. Mwaka 2001 Queen walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki Marekani, hakwenda. May na Taylor wamesema mara kadhaa kwamba hawaonani naye, ila mambo makubwa ya biashara bado humfikia.

Mitandaoni utasoma kwamba "alitoweka". Mimi nakataa neno hilo kwa nguvu zote. Mtu akae kwake na familia yake, alipwe alichotunga, asidaiwe tabasamu na mtu yeyote: huo ni ushindi mkubwa kwa mwanamuziki, na wengi wetu hatutaufikia. Kama kwenye bendi yenu kuna mkimya wa namna hiyo, msimburuze kwenye mahojiano. Mlindeni kwa mkataba.

May alirudi kwenye ile njia aliyoiacha. Tasnifu yake kuhusu vumbi lililo kati ya sayari, aliyoiweka kando bendi ilipoanza kukua, aliimaliza mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 baadaye, akawa daktari wa falsafa. Mwaka 2023 akapewa cheo cha Sir. Yeye na Taylor wametumbuiza kwa miaka mingi kwa jina la Queen, na Mmarekani Adam Lambert akiimba. Wapo wanaowalaumu kwamba wanakula jina la marehemu. Sikubaliani nao. Jina lile lilikuwa la wanne, na bila watu hao kulibeba, vijana wa leo wasingezijua nyimbo hizo kwa kiasi hiki.

Maana kukumbukwa nako kuna kazi yake, na kazi hiyo hufanywa na waliobaki. Aprili 1992 waliandaa tamasha la kumbukumbu uwanja wa Wembley, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na UKIMWI. Nyumba ya Freddie na sehemu kubwa ya mali alimwachia Mary Austin, rafiki yake wa tangu ujana, aliyevitunza vitu vyake karibu miaka 32, kisha mwaka 2023 akaviuza kwa mnada London kwa karibu pauni milioni 40. Hapa kwetu habari imekwenda kwa mwendo wa tofauti. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Unguja ya miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa vikali na kundi la kidini, ikafutwa. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani, na wageni wanapiga picha mlangoni kila siku. Mtu yuleyule, mji uleule.

Freddie aliwaficha watu ugonjwa wake mpaka siku moja kabla ya kufa, lakini wenzake bendini alikuwa ameshawaambia, nao wakamfichia. Walikuwa wakirekodi Montreux, Uswisi, siku anazopata nguvu, mstari baada ya mstari, na nyimbo hizo zikatoka mwaka 1995. Dawa zilizobadilisha maisha ya wenye VVU zilifika katikati ya miaka hiyo ya 1990, zikamkosa. Leo zipo, vituoni kwetu, bila malipo. Ukiugua, mwambie angalau mwenzako mmoja wa bendi, na uende kupima.

Na kabla ya mazoezi yenu yanayofuata, nunueni hilo daftari. Ukurasa wa kwanza andikeni majina yenu kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, si ya jukwaani, na mbele ya kila jina mrithi wake. Ukurasa wa pili, kila mmoja aandike kwa mkono wake anataka kupiga mpaka lini. Rekodi asilia hifadhini sehemu mbili, na funguo zisikae kwa mtu mmoja. Jina la bendi lisajiliwe kwa wote, na mkubaliane nani atabaki nalo mkitengana. Yakiisha hayo, washeni amplifaya.