Begonia zenye shina la kutambaa: majibu ya maswali yenu

Baridi ya Juni imeleta maswali ya begonia za majani ya michoro, zile ambazo shina lake nene hulala juu ya udongo kama tangawizi.

Namwagilia kila asubuhi, lakini shina linalainika na majani yanadondoka. Nimekosea wapi? (Uyole)

Kwenye maji, dada yangu. Wakati wa baridi mmea huu hukua polepole, maji hayaishi chunguni. Chomeka kidole, ukikuta unyevu, achana nao. Kata palipooza mpaka uone nyama safi, acha kidonda kikauke, kisha panda kwenye chungu kifupi. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo chungu kirefu hutunza tope tu.

Nimepewa jani moja na jirani. Linatosha kupata miche? (Tukuyu)

Linatosha, tena kwa miche kadhaa. Ligeuze uone mishipa inavyotawanyika kutoka kwenye kikonyo. Kwa wembe uliopitishwa kwenye spiriti, kata vipande vya pembetatu, kila kimoja na mshipa wake mkubwa. Ncha iliyoelekea kikonyo ndiyo inayozikwa, kidogo tu; ukigeuza juu chini umepoteza kazi. Mimi hutumia mboji iliyochekechwa na yale mawe mepesi ya volkano ya huko kwenu Rungwe, yanayoelea majini, nikiyaponda. Yanashika unyevu bila kutuamisha maji. Funika kwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka penye mwanga lakini si juani.

Halafu subiri. Mizizi huchukua wiki kadhaa, na vijani huchelewa zaidi, vikitokea vidogo kama punje ya dengu. Niliwahi kutupa trei nzima nikidhani imekufa. Baadaye nikaikuta jalalani imechipua.

Majani yana unga mweupe. (Mafinga)

Ubwiri unga. Ondoa majani yaliyoathirika, achanisha vyungu, fungua madirisha ya kitalu mchana.

Lazima niwe na nyumba ya kioo? (Njombe)

Hapana. Nailoni ya kitalu na neti ya kivuli vinatosha, ila begonia hizi huteseka joto likishuka chini ya nyuzi 10, na Njombe Julai hilo si jambo geni. Usiku wa sakitu ziingize ndani. Aliye na kioo naye asisogeze vyungu ukutani: jani linalogusa kioo ndilo huungua kwa baridi kwanza.