Shemeji ana mshahara, mimi nina kiwanja

Marahaba mwanangu wa Buguruni. Umeniandikia kwamba unaishi kwa biashara ya mama lishe na una kiwanja Chanika, ulichonunua kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Unataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Benki wamekuomba slipu ya mshahara, huna. Shemeji yako mwalimu amejitolea kukukopea milioni 12 kwa mshahara wake, rejesho ulipe wewe, ila kwanza kiwanja kiandikwe jina lake. Mumeo anasema ukikataa umemdharau kaka yake.

Kataa. Kwa adabu, lakini kataa. Mkopo wa mtumishi unakatwa kwenye mshahara, benki haikihitaji kiwanja chako. Sasa jina linabadilishwa la nini? Kama nia ni njema, muandikishane deni mbele ya wakili na kiwanja kibaki chako. Hata akiwa mcha Mungu, siku akifa warithi wake watasoma jina lililo kwenye karatasi, si mliyokubaliana sebuleni.

Halafu piga hesabu. Milioni 12 kwa miaka mitatu, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni lililobaki tu, rejesho ni kama 434,000 kila mwezi. Vyumba vinne vya 50,000 vinaingiza 200,000, tena vikijaa. Zaidi ya nusu itatoka kwenye masufuria yako!

Anza na vyumba viwili. Jiunge na SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo: nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na wanachoangalia ni akiba yako na wadhamini. Wakati huohuo pitisha mauzo ya kila siku benki au kwenye simu, maana hela ya kibubu haina ushahidi. Ukiwa na leseni, TIN (namba ya mlipakodi) na taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, hiyo ndiyo slipu yako. Hati nayo uifuatilie halmashauri, kwa sababu karatasi ya mtaa benki nyingi hawaipokei kama dhamana. Mpangaji akilipa miezi sita mbele, 300,000 hiyo ni ya msingi wa chumba cha tatu, si ya mchango wa harusi.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, usiiguse, hata ukibakiza bati tu.

Na mumeo zungumza naye usiku huu, mkiwa wawili, kabla kikao cha ukoo hakijaitwa.