Mapinduzi ya Oktoba yaliyotokea Novemba: tarehe za kale za Ulaya tuziandikeje?

SWALI: Ninatafsiri makala ya historia ya Urusi. Inataja Mapinduzi ya Oktoba, kisha inasema yalitokea tarehe 7 Novemba 1917. Mhariri anataka niandike "Mapinduzi ya Novemba" ili wasomaji wasichanganyikiwe. Je, yuko sahihi? Pia, matini asilia yanasema mawaziri wa Serikali ya Muda walikamatwa katika Kasri la Majira ya Baridi saa 2:10 usiku. Niiache hivyo?

JIBU: Acha "Mapinduzi ya Oktoba", tena kwa herufi kubwa, kwa sababu ni jina la tukio. Hata Wasovieti wenyewe waliyaadhimisha kila tarehe 7 Novemba na bado wakayaita ya Oktoba. Mhariri ana haki ya kumhofia msomaji, ila dawa ni kuitaja kalenda palepale tarehe inapotokea mara ya kwanza: "tarehe 25 Oktoba 1917 kwa kalenda ya kale, yaani 7 Novemba kwa kalenda ya sasa". Baada ya hapo chagua kalenda moja na uifuate hadi mwisho wa makala.

Kalenda ya kale ni ile ya Juliasi, iliyowekwa na Julius Caesar. Ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, kumbe mwaka wa jua ni mfupi kwa kama dakika 11. Dakika hizo zikalimbikizana hadi kufikia siku nzima kila baada ya miaka 128 hivi. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliamuru siku 10 zirukwe: huko Italia, Hispania na Ureno, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Mfuatano wa siku za juma haukuguswa. Uingereza ilingoja hadi 1752, na Urusi ikabadili mwaka 1918, ambapo tarehe 31 Januari ilifuatwa na 14 Februari.

Wengi hukosea kwenye hesabu. Watafsiri hukariri kwamba Urusi ni "ongeza siku 13", kisha wakaongeza 13 kila mahali. Tofauti ilikuwa siku 10 kuanzia 1582, ikawa 11 tangu Machi 1700, 12 tangu Machi 1800 na 13 tangu Machi 1900. Inakua kwa sababu kalenda ya Juliasi hufanya kila mwaka wa kufunga karne kuwa mwaka mrefu (wa siku 366), ilhali ya Gregori huukubali pale tu unapogawanyika kwa 400. Kwa hiyo tarehe 28 Juni 1762, Catherine II alipotwaa madaraka ya Urusi, ni 9 Julai kwa kalenda yetu. Maasi ya tarehe 14 Desemba 1825 kule St. Petersburg ni 26 Desemba, si 27.

Mapinduzi ya Februari nayo yana mtego wake. Yalianza tarehe 23 Februari 1917, wafanyakazi wanawake wa Petrograd (jina la St. Petersburg wakati huo) walipoingia mitaani kudai mkate. Siku hiyo kwingineko Ulaya ilikuwa 8 Machi, Siku ya Wanawake. Ukiiacha tarehe 23 bila kutaja kalenda, msomaji hataona kabisa kwamba ni siku ileile.

Kwa Uingereza angalia na mwaka wenyewe. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mfalme Charles I alikatwa kichwa tarehe 30 Januari ambayo sisi tunaiweka 1649, lakini hati za wakati ule zinasema 1648. Andika 1648/49 unaponukuu hati, na 1649 katika maelezo yako. Tena, ukikutana na habari kwamba Waingereza walifanya ghasia wakidai warudishiwe "siku zao 11" zilizorukwa mwaka 1752, usiitafsiri kama tukio lililothibitishwa. Chanzo chake kikuu ni mchoro wa dhihaka wa William Hogarth wa mwaka 1755 kuhusu uchaguzi wa Oxfordshire.

Sasa saa. Hapa usiache kama ilivyo hata kidogo! "Saa 2:10 usiku" kwa msomaji wa Kiswahili ni mapema usiku, watu wakila chakula. Wakati huo meli ya kivita Aurora ilikuwa bado haijafyatua mzinga wake wa baruti tupu, uliolia saa tatu na dakika arobaini usiku. Mawaziri walikamatwa saa nane na dakika kumi usiku.

Na usiku huo ni wa tarehe ngapi? "Usiku wa tarehe 26" una utata. Wanaohesabu siku tangu magharibi, kama ilivyo desturi ya pwani, wataelewa usiku unaoitangulia tarehe 26. Wengine wataelewa unaoifuata. Tuna msemo unaomaliza ubishi: "usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba", au kwa siku za juma, "usiku wa kuamkia Alhamisi".

Chunga pia kitenzi cha kueleza jinsi kasri lilivyochukuliwa. "Kuvamia kwa kishindo" ni picha iliyojengwa baadaye, kwa igizo kubwa la mwaka 1920 na filamu zilizofuata. Walinzi wa kasri walikuwa wachache, wengi wao wanafunzi wa kijeshi pamoja na askari wanawake, na waliouawa walikuwa wachache sana. Watu waliingia kwa makundi kupitia milango isiyolindwa vizuri. Mimi ningeandika "kasri lilitwaliwa", na "kuvamia" ningekiweka tu pale mwandishi asilia anapoeleza filamu.