Ndugu, huo mchoro usiupeleke kwa nyanyako

Wacha. Hebu wacha kwanza. Umesema umemlipa mtu wa mtandaoni akuchoree nasaba ya ukoo mpaka Hadhramaut kule Yemen, na Ijumaa baada ya sala unaupeleka mchoro Kibokoni, Mombasa, kwa nyanyako mwenye miaka 84 "aukague tu", halafu ndipo uanze kumrekodi. Hiyo "aukague tu" ndiyo iliyonitoa kitandani. Mimi nilifanya vivyo hivyo, na ninachomiliki leo ni karatasi nzuri sana ya uongo.

Kanuni ninayo moja, na nitairudia mpaka unichoke: jina litoke kinywani mwa mzee kwanza. Usimtajie, usimwonyeshe, wala usimwulize "si ndiye fulani?"

Mtaalamu wangu nilielekezwa harusini. Ana kiofisi cha ghorofani, feni moja, kompyuta moja, na ukutani cheti cha kitu ambacho mpaka leo sikukielewa. Nikampa majina niliyokuwa nayo: la baba, la babu, la babake babu. Akatikisa kichwa kama daktari anayetazama picha ya eksirei, akasema, "Nyinyi ni watu wakubwa." Hapo ningeshtuka, maana sijasikia mtu aliyelipa akaambiwa nyinyi ni watu wadogo. Nikalipa. Nikaja kukabidhiwa karatasi ndefu iliyotiwa plastiki, mimi chini kabisa, Tarim, mji wa huko Hadhramaut, juu kabisa, na pembeni picha ya mzee wa kilemba na ndevu nyeupe. Huyo mzee nilikuja kumkuta kwenye boksi la tende. Sitanii.

Ujanja wake ni mwepesi mno. Huku kwetu mjukuu hupewa jina la babu, kwa hivyo majina yanazunguka: Ali bin Salim bin Ali bin Salim. Ukishampa mtu Ali na Salim, atakuunga na yeyote amtakaye, Tarim au Shiraz, kwa sababu huko nako Ali na Salim hawakosekani. Wazee wetu hawakutenganisha watu kwa majina hayo. Walitenganisha kwa lakabu, kwa mtaa, kwa kazi: Ali wa Kuze, Ali nahodha, Ali kigugumizi. Mchoro wangu haukuwa na kigugumizi hata mmoja. Wote masheikh, wote wakwasi. Ukoo mzima haukuzaa mvuvi!

Haya, pesa zilikwenda, zimekwenda. Linaloniuma ni la nyanya.

Nilimkuta uani akichagua mchele, uteo mapajani. Nikatandaza karatasi mkekani. Ami zangu wamekaa, watoto wamejaa, mtu anapiga picha. Nikasoma kwa sauti, jina baada ya jina, na kila nikifika mahali nauliza, "Si ndivyo, nyanya?" "Ndivyo, mwanangu." "Na huyu ndiye babake huyu?" "Eeh, ndiye." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa plastiki, akasema imeng'ara. Swali lake lilikuwa moja tu: huyu mwenye kilemba ni nani?

Sasa sikiliza. Nyanyangu, Mungu amrehemu, alisoma chuoni. Qur'ani alisoma, na barua za babu zilizokuwa kashani, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alizisoma bila miwani. Herufi za kizungu hakuzijua. Karatasi ile kwake ilikuwa pambo. Alikuwa akiniitikia mimi, mjukuu niliyetoa pesa yangu, mbele ya watu. Ulitaka aseme nini? Ati nimeibiwa?

Kabla ya siku ile alikuwa na neno lake la jikoni. Akikuna nazi, mara moja moja, atasema mamake mamake alikuwa Mnyasa, mtu wa kule Ziwa Nyasa, aliletwa Mombasa angali mdogo, na usiku alikuwa akiimba nyimbo ambazo hakuna nyumbani aliyezijua maana. Nililisikia tangu utotoni, nikaliacha lipite. Baada ya mchoro, Mnyasa hakutajwa tena. Nilipokuja kuwasha simu kumrekodi, alinisimulia Tarim, jahazi, na masheikh. Nina saa nzima za nyanyangu akinirudishia karatasi yangu kwa sauti yake mwenyewe, tena kwa madoido kunishinda. Nikimwuliza Mnyasa je, ananiambia, "Aa, hayo maneno ya zamani."

Na simlaumu. Pwani hii utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Mtumwa alitoka mikono mitupu, tena na jina la kufichwa na wajukuu. Nyumba ngapi za Mji wa Kale zina bibi wa namna hiyo asiyetajwa mbele ya wageni? Mzee kama huyo hukupimia maneno, leo kidogo, mwakani kidogo. Sasa mjukuu anapomjia na plastiki inayosema sisi ni watu wa Tarim, atasemaje tena kuwa kuna Mnyasa? Mimi nilimfunga mdomo kwa mikono yangu miwili, na kufuli nikaligharamia.

Tuligundua harusini tena, safari hii Likoni. (Harusi zitaniua.) Watu wengine kabisa, wametundika sebuleni plastiki ile ile, na mzee wa tende yule yule. Kuanzia mstari wa nne kwenda juu, majina ni yetu sisi. Sisi na wao hatuna udugu hata wa kuazimana chumvi. Nikampigia mtaalamu. Akanijibu, "Hongera, umepata jamaa." Akakata, na tangu hapo namba haipatikani. Binamu zangu nao hawataki kuambiwa kitu. Karatasi imo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mmoja amempa mwanawe jina la yule wa juu kabisa. Mtoto amepewa jina la mtu wa kwenye boksi.

Kwa hivyo nenda na daftari na simu yenye chaji, basi. Uliza mambo, majina yatakuja yenyewe. Mlilala chumba kimoja na nani ulipokuwa mdogo? Somo wako, yule aliyekufunda, alikuwa nani, na alikuwa nani wenu? Babako alipofariki, nani alikuja kukaa matanga na nani hakuja? Hilo la nani hakuja hutoa majina kuliko yote, jiandae. Mwaka usimdai, mpe tukio: wakati wa mgomo wa bandarini wa 1947 babako alikuwa akifanya kazi wapi? Mvua kubwa za 1961 zilikukuta na watoto wangapi? Akitaja jina, liandike palepale, na ubavuni uandike nani kalitaja, siku gani, na kama alikuwa ameshaonyeshwa karatasi yoyote. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimsaidie. Mimi nilikuwa msaidizi hodari kweli kweli.

Na kama umeshamharibu mmoja, tafuta ambaye hajasikia: dada, mke mwenza, jirani wa zamani. Mimi aliyeniokoa kidogo ni mdogo wake nyanya, yuko Mtongwe, siku ya mchoro alikuwa mgonjwa hakuja. Nilikwenda na halwa, sikutaja hata jina la baba yangu. Tukazungumza habari za feri, za bei ya unga, za miguu yake. Kahawa haijapoa, akasema mwenyewe, "Yule Mnyasa wetu." Akataja na jina lake la nyumbani, na kwamba dadake huyo Mnyasa alitorokea kwa wamishonari kule Kisauni. Nyanya hakuwahi kunipa hilo la dada, na sijui kama angenipa nisingekuwa na haraka.

Hapo ndipo karatasi zinapoanza kuwa na maana. Frere Town, huko huko Kisauni, hapo Kengeleni, ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kuwapokea watumwa walioachiwa huru, na nyaraka za misheni hiyo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Sasa najua ninatafuta nani na wapi. Wewe labda zako ni karatasi za ndoa na talaka kwa Kadhi, au madai ya mashamba yaliyoandikishwa baada ya sheria ya ardhi ya 1908, au jumba la nyaraka za taifa kule Nairobi. Zote zitakuwapo mwakani. Ukienda nazo kabla ya mzee, utamsomea, naye atakwambia "ndivyo, mwanangu".

Uliuliza pia habari za programu, na kile kipimo cha DNA cha kutema mate, na vipi wanao walioko Nairobi watayapenda mambo haya. Programu yoyote. Mengine watakujibu wengine, nimeshaandika mno na hasira haijaisha.

Hiyo Ijumaa, plastiki ibaki nyumbani, hata kwenye buti la gari usiitie. Maswali yako yaandike leo uyaweke hapa, nami nitakufutia kila penye jina.