"Had left" au "left"?

SWALI: Ndugu Mhariri, niliandika "When we arrived, the train left", mwalimu akasahihisha kuwa "the train had left". Matukio yote mawili yalikwisha kupita, sasa kosa langu ni lipi?

JIBU: Kisarufi sentensi yako ni sahihi, ila inaeleza jambo jingine, yaani mlifika kwanza, ndipo treni ikaondoka, na huenda hata mliiona ikienda. Ya mwalimu inasema kwamba mlipofika treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Bila shaka alielewa kuwa mliikosa.

Njeo hii ya mwalimu, yaani wakati wa kitenzi uitwao "past perfect", huundwa kwa "had", ambayo haibadiliki kwa nafsi yoyote, ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi: "had eaten", "had gone", wala si "had went". Msishtuke mkikuta "had had", kwa kuwa ya kwanza ni kitenzi kisaidizi na ya pili ni kitenzi kikuu.

Kinachonisumbua zaidi katika insha za wanafunzi ni kuitumia ovyo. Matukio yakisimuliwa kwa mfuatano wake, wakati uliopita wa kawaida unatosha: "She woke up, washed and left." Penye "after" au "before" pia "had" mara nyingi huachwa, kwa sababu maneno hayo yanaonyesha lililotangulia. Na kwa kuwa njeo hii hudai tukio jingine la wakati uliopita la kulinganishwa nalo, liwe limetajwa au linaeleweka, anayetaka tu kueleza alichokiona jana aseme "I saw him yesterday", si "I had seen him yesterday".